Hewa Isiyozinduliwa

Kulikuwa na nchi, na bado ipo, ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Jina lenyewe halijazinduliwa. Limeandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao mkubwa pale mpakani, ubao umefunikwa kwa kitambaa cha satini, na kitambaa kinamsubiri mgeni rasmi mwaka wa sita sasa. Mpaka atakapokuja, raia wakiulizwa wanatoka wapi hujibu, "Kwetu," na maisha yanaendelea.

Katika nchi hiyo hakuna kitu kinachoruhusiwa kufanya kazi kabla hakijakatiwa utepe. Ni sheria nzuri, maana inazuia vitu kuanza ovyo ovyo. Mwenye kukata ni mmoja tu, Rais, ambaye cheo chake kamili ni Mkata Utepe Mkuu, mtu mnene, mcheshi, mwenye makasi yanayobebwa kwenye mto wa mahameli. Foleni yake hupangwa na Wizara ya Uzinduzi. Wakati wa hadithi hii foleni ilikuwa na vitu mia tatu na arobaini, vikiwemo madaraja mawili, choo cha stendi, na ng'ombe wa kisasa aliyekufa kwa uzee akiwa na utepe shingoni, hajakamuliwa hata siku moja.

Tena kila anachokizindua, Mkata Utepe Mkuu lazima akionje, ili wananchi wawe na imani. Akizindua kisima hunywa. Akizindua tanuri humega mkate. Alipozindua kiwanda cha sabuni alionja vilevile, mbele ya kamera, akasema ina ladha ya maendeleo. Watu walimpigia makofi, na kwa kweli alistahili.

Basi ikaingia homa ya kifua. Iliingia bila kuzinduliwa, kwa hiyo kisheria haikuwepo, na hospitali zikaelekezwa kuandika kwamba wagonjwa wana uchovu wa mapafu. Msidhani serikali ililala. Vita dhidi ya ugonjwa usiokuwepo vilizinduliwa kwa shangwe kwenye uwanja wa taifa. Walikuja watu elfu nne, wakagawiwa fulana na kofia, wakaimba wimbo wa taifa beti zote tisa, bega kwa bega, kwa sauti ya kutoka tumboni. Wiki mbili baadaye nusu yao walikuwa hoi kwa uchovu wa mapafu.

*

Mwamvita alikuwa fundi wa ndege. Nasema ndege kwa umoja kwa sababu Shirika la Ndege la Taifa lilikuwa na ndege moja, Fahari, iliyoruka mara mbili kwa wiki kwenda Mji wa Pili, kule kwenye hospitali ya moyo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mfupi, kucha zake nyeusi kwa grisi, na mdomo wake haukuwa na breki. Kwa ajili ya mdomo huo alikuwa amenyimwa cheo mara tano.

"Bosi, nisikilize," alimwambia meneja wake, Bwana Tindwa, Jumatatu moja asubuhi. "Ndege ikiwa angani, nusu ya hewa inatoka nje na nusu ni ile ile ya ndani inayozungushwa. Hiyo inayozungushwa inapitishwa kwenye filta. Filta ikiwa nzima inanasa karibu kila kitu, hata huyo mdudu wa homa. Dakika tatu hazipiti, abiria anavuta hewa nyingine. Mtu anakuwa salama kuliko humu ofisini kwako, madirisha umeyapigilia misumari."

"Ni agizo la usalama, yale madirisha."

"Sawa. Lakini filta zetu zimeziba, bosi. Mbili zimechanika kabisa. Nikizigusa zinamwaga vumbi kama gunia la mkaa. Na ndege ikiwa bado chini ndiyo balaa zaidi. Mlango ukishafungwa, mnazima feni dakika arobaini ili hotuba ya Mheshimiwa Rais iliyorekodiwa isikike vizuri. Abiria wanasimama, wanaimba, barakoa wameziteremsha kidevuni kwa heshima ya wimbo. Wanapumuliana usoni. Halafu mnashangaa wakishuka wanachoka mapafu!"

Bwana Tindwa alikuwa mtu mwema. Alikuwa na watoto sita na kalamu mbili, na hakupenda kuzitumia kalamu hizo. Alimtazama Mwamvita kwa huruma ya kweli.

"Filta mpya zipo, Fundi. Wewe mwenyewe unaziona kila siku."

Ndiyo, aliziona. Filta nne mpya zilikuwa zimefika miezi minane iliyopita, zikiwa kwenye mifuko yake myeupe ya plastiki, na tangu siku hiyo zilikaa kwenye kabati la kioo katikati ya ukumbi wa abiria. Kabati lilizungushiwa utepe mwekundu wenye ua kubwa mbele, na kando yake alisimama mwanajeshi mwenye bunduki. Abiria waliokuwa wakisubiri ndege walipiga picha nazo, kisha wakapanda Fahari kwenda kuvuta vumbi.

"Zipo namba mia mbili na tisa kwenye foleni," alisema Bwana Tindwa. "Zimempita mpaka yule ng'ombe."

"Ng'ombe amekufa, bosi."

"Ndiyo maana zimempita."

Mwamvita hakucheka. Asubuhi ile alikuwa ametoka makaburini. Sikitu, mhudumu wa ndege, aliyekuwa akimletea pakiti ya korosho kila aliporudi safari, alikuwa amezikwa akiwa na miaka ishirini na sita. Cheti kiliandika uchovu. Mwamvita alijiuliza moyoni mwake, msichana wa miaka ishirini na sita amechoka nini.

Na kulikuwa na jambo lingine. Ijumaa ya wiki ile ile, saa nane mchana, mama yake angepanda Fahari.

*

Bi Mashavu alikuwa na moyo uliopanuka, na hospitali ya Mji wa Pili ilikuwa imempangia upasuaji Jumamosi. Alikuwa amesubiri nafasi hiyo mwaka mzima. Daktari alimweka Mwamvita kando, akamwambia bila kuzunguka kwamba mama hawezi kusubiri zaidi, na kwamba akishikwa na homa hii hatamaliza wiki. Kwenda kwa barabara ilikuwa haiwezekani. Barabara ya Mji wa Pili ilikuwa imezinduliwa mara nne, ina mawe manne ya msingi na nyuzi za utepe kila kilomita, ila lami ndiyo haikuwahi kufika, na malori yalichukua siku nne matopeni.

"Mimi nitafunga barakoa zangu mbili, nitamwomba Mungu," Bi Mashavu alisema huku akikunja kanga za safari.

"Mungu amekwisha leta filta, mama. Zimefungiwa kabatini."

"Basi kazitoe."

"Ni kosa. Kuzindua bila idhini ni miaka saba."

Bi Mashavu aliacha kukunja. "Mwanangu, nimekuzaa mwenyewe, nakujua. Ungekuwa umekwisha amua kukaa kimya usingekuja kuniambia."

*

Jumatano saa sita na nusu mchana, jua linawaka, wafanyakazi wote wa uwanja walikuwa nje kwenye mazoezi ya kupiga makofi, ambayo hufanyika kila Jumatano ili mgeni rasmi akitokea ghafla asikute mikono imezubaa. Mwamvita aliingia ukumbini akisukuma toroli lenye filta nne za zamani alizokuwa amezichomoa Fahari. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la kioo.

"Simama hapo hapo!" alisema mwanajeshi. Jina lake lilikuwa Koplo Mbwilo, na alikuwa amesimama pale miezi minane.

"Shikamana na kazi yako, Koplo. Hivi uliagizwa ulinde nini?"

Koplo alifikiri. Alitoa karatasi mfukoni, akaisoma polepole. "Kulinda utepe usikatwe, usilegezwe, usiguswe."

"Imesemwa filta?"

Aliisoma tena, mbele na nyuma. "Filta haikutajwa."

"Basi linda utepe. Mimi nafungua kwa nyuma, hakuna utepe huko."

Nje makofi yaliongezeka, mtu akapiga kelele, "Kwa furaha zaidi!"

"Sikitu alikuwa akinipa korosho," Koplo alisema. Kisha akaugeukia ule utepe, akaukodolea macho kwa bidii, kama mtu aliyepewa mtihani.

Mwamvita alifungua skrubu sita nyuma ya kabati. Alizitoa filta mpya, akazivua mifuko yake myeupe, akazivalisha zile za zamani, akazipanga vizuri kabatini ili pasionekane pengo. Saa nane kasoro robo filta mpya zilikuwa ndani ya Fahari. Aliwasha mtambo, akaweka kiganja chake kwenye tundu la hewa juu ya siti ya mama yake, akasimama pale kwa muda. Hewa ilikuja baridi, haina harufu ya kitu chochote. Alilia kidogo, kisha akajifuta kwa kitambaa cha grisi, akabaki na mchirizi mweusi shavuni siku nzima.

*

Alhamisi jioni redio ikatangaza. Mkata Utepe Mkuu angesafiri kesho yake kwenda Mji wa Pili kuzindua wodi ambayo tayari ilikuwa imezeeka, na kwa kuwa angepitia uwanja wa ndege, angezindua filta palepale. Foleni ilikuwa imerukwa. Waziri wa Uzinduzi, Mheshimiwa Lubasha, alisema hiyo ndiyo kasi ambayo nchi za jirani zinatuonea wivu.

Mwamvita alisikia akiwa anakula. Angeweza kwenda usiku kuzirudisha filta mahali pake, na angekuwa salama yeye na miaka yake saba. Aliinuka, akanawa, akalala. Filta zilikuwa mahali zinapotakiwa kuwa, na hakuona sababu ya kuzihamisha.

*

Ijumaa zulia jekundu lilitandikwa hadi kwenye ngazi za Fahari, na kabati la kioo likatolewa nje, likawekwa kando yake. Abiria walikuwa wamekwisha panda, na Bi Mashavu akiwa dirishani siti ya pili. Bendi ilipiga. Mheshimiwa Lubasha akashika kipaza sauti, akatambua waheshimiwa kwa nusu saa nzima, na aliposema itifaki imezingatiwa wazee wawili walikuwa wamekwisha zimia.

"Mheshimiwa Mkata Utepe Mkuu," alisema, "wataalamu wa dunia wanasema hewa ya ndege hubadilishwa kila dakika tatu. Kwetu itabadilishwa kila dakika mbili, kwa sababu wewe umesema! Kuanzia leo, homa ambayo haipo itaogopa hata kukata tiketi!"

Makofi, kwa furaha zaidi. Makasi yakaletwa kwenye mto. Utepe ukakatwa. Koplo Mbwilo, ambaye kazi yake ya miezi minane ilikuwa imekwisha kwa sekunde moja, alitazama vipande vile chini akiwa hajui aweke wapi macho.

Kisha Mkata Utepe Mkuu akatoa filta ya kwanza, akaivua mfuko bila kuitazama, maana alikuwa anatazama kamera. Akateremsha barakoa kidevuni. Akazamisha uso wake wote ndani ya filta ile, akavuta pumzi ndefu ya kizalendo.

Alipiga chafya kumi na moja. Wingu la kijivu likapanda, na lilipotua, taifa zima lilimwona kiongozi wake kwenye runinga akiwa mweusi kuanzia puani hadi kidevuni, na vumbi limemganda kwenye masharubu.

Nadhani nchi nyingine ingebabaika. Mheshimiwa Lubasha hakubabaika hata kidogo.

"Mnaona!" alipaza sauti. "Haijafungwa bado, na tayari imenasa uchafu wote huu! Ikifungwa je?"

Mawaziri wakapanga foleni kuonja. Kila mmoja alinusa, akakohoa, akasifu. Mmoja alisema anasikia harufu ya milimani. Mwingine aliomba arudie. Mkata Utepe Mkuu, machozi yakimtoka, akapunga mkono. "Zifungwe ndani ya ndege sasa hivi. Nataka kuondoka na hewa yangu."

Bwana Tindwa akamwita Mwamvita. Mwamvita akaja na sanduku lake la vifaa, akaliweka juu ya zulia jekundu, akalikalia.

"Sizifungi," alisema.

Bendi ilinyamaza, ngoma moja ikachelewa.

"Umesemaje?" aliuliza Mheshimiwa Lubasha.

"Sizifungi. Hizo ni filta za zamani, Mheshimiwa. Mlichonusa ni makohozi ya abiria wa mwaka mzima, na mengine ni ya Sikitu, aliyezikwa Jumatatu. Mpya nimekwisha zifunga tangu juzi."

"Kwa hiyo unataka kusema Mheshimiwa Rais amezindua uchafu?"

Mwamvita alijua hapo ndipo mtego ulipo. Akisema ndiyo, ni uhaini. Akisema siyo, filta chafu zitarudi juu ya kichwa cha mama yake. Aliwatazama wote, nyuso zao zikiwa na masizi, na hofu aliyoibeba tangu Jumatano ikamtoka, ikabaki hasira peke yake.

"Sisemi mimi," alijibu. "Mtazameni mdomoni."

Watu elfu mbili walitazama. Mtu mmoja nyuma kabisa alianza kucheka, akajifanya anakohoa, halafu akakumbuka kwamba kukohoa nako hakuruhusiwi, akaona ni afadhali acheke tu.

"Sasa chagueni," Mwamvita aliendelea. "Ndani ya ndege kuna filta safi ambazo hazijazinduliwa. Hapa nje kuna chafu zilizozinduliwa. Mnataka nibadilishe, bisibisi ninayo. Ila mwenye kutoa amri nitamfungia hizo chafu akiwa amekaa siti ya mbele, na mlango ufungwe, na feni zizimwe, na hotuba ipigwe yote, dakika arobaini."

Mheshimiwa Lubasha alimgeukia Mkata Utepe Mkuu asikie neno la kishujaa. Mkata Utepe Mkuu alikuwa anajifuta mdomo kwa leso. Aliitazama leso, akaitazama ndege, akamsogelea Mwamvita na kumnong'oneza, lakini alisahau kwamba kipaza sauti kilikuwa shatini mwake.

"Fundi. Usiguse kitu. Ziache hizo hizo."

Uwanja mzima ulisikia. Hivyo ndivyo nchi ile ilivyojua kwamba mkubwa wao, alipotakiwa kuvuta hewa kwa mapafu yake mwenyewe, alichagua ile ambayo hakuizindua.

"Basi abiria washushwe!" Mheshimiwa Lubasha alisema haraka, akijaribu kuokoa siku. "Mheshimiwa asafiri peke yake, kwa usalama wake!"

Dirishani Bi Mashavu alikuwa amebandika kiganja kwenye kioo. Mwamvita alikiona. Alifungua sanduku, akatoa kitabu cha ndege. Katika nchi ile kulikuwa na sheria moja tu ambayo haikuhitaji utepe, kwa kuwa ilikuja pamoja na ndege kutoka kwa walioitengeneza: bila saini ya fundi, haipai, hata rubani awe malaika.

"Abiria wote wanasafiri," alisema, "au sitii saini. Na hotuba itapigwa feni zikiwa zinaunguruma. Na kila mtu barakoa puani. Kila mtu."

Mkata Utepe Mkuu alipanda ngazi. Mwamvita alimfuata mpaka mlangoni, kuhakikisha feni zinazunguka. Kiongozi alikaa siti ya pili, ng'ambo ya njia, barakoa bado kidevuni kwa mazoea. Bi Mashavu alimtazama juu hadi chini.

"Baba, pandisha barakoa," alisema. "Nina moyo mbovu, na wewe umetoka kunusa madude."

Mkata Utepe Mkuu aliipandisha.

"Na puani."

Akaipandisha na puani. Mwamvita akatia saini. Akambusu mama yake kwenye paji la uso juu ya barakoa zake mbili, akashuka, na Fahari ikaondoka. Alisimama palepale kwenye zulia mpaka ikawa nukta, kisha akabeba sanduku lake la vifaa, akarudi karakana.

*

Bi Mashavu alirudi baada ya wiki tano, akiwa na moyo ulioshonwa, pamoja na hamu ya pilau. Katika safari ile hakuna abiria hata mmoja aliyechoka mapafu. Mawaziri walioonja walichoka sita.

Mwamvita hakushtakiwa kwa kuzindua bila idhini, kwa sababu hati ya mashtaka ingelazimika kueleza Rais alizindua nini. Badala yake aliandikiwa barua ya kufukuzwa kazi, nzuri sana, yenye mihuri mitatu. Lakini barua ni kitu, na kitu hakiwezi kufanya kazi kabla hakijazinduliwa. Ikapewa namba mia tatu na arobaini na moja, ikawekwa kwenye lile kabati la kioo, ikazungushiwa utepe, na Koplo Mbwilo akarudishwa kuulinda.

Kwa hiyo kila asubuhi Mwamvita huja kazini kama kawaida, hupita mbele ya kufukuzwa kwake, humsalimia Koplo, naye Koplo humjibu akiwa ameukodolea macho utepe. Filta zikifika muda wake wa kubadilishwa, hubadilisha. Hamwulizi mtu. Zile chafu huzivalisha mifuko myeupe, huzungukia nyuma ya kabati, hufungua skrubu sita, na huzipanga vizuri juu ya barua yake.

Mgeni rasmi akija, cha kuonja kipo.